Kifungu cha Tisa

Kama ulisoma historia shule ya upili hapa Kenya, lazima ulikariri ile orodha. Moresby 1822, Hamerton 1845, Frere 1873. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili, tukaenda kuitapika kwenye karatasi ya mtihani, tukasahau. Picha iliyobaki kichwani mwangu ilikuwa ya Waingereza wakiibana biashara ya watumwa polepole, mkataba baada ya mkataba, mpaka ikakata roho.

Sasa, chuo nilikiacha njiani, kwa hivyo kadi ya maktaba sina. Nina simu na bando la usiku. Na kuna kitu kinaitwa Qatar Digital Library, ambako nyaraka za serikali ya Kiingereza kule India zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na unasoma bure. Usiku mmoja nilikuwa humo nikitafuta habari za maharamia kwa ajili ya kazi fulani ya kuandika, haikuwa na uhusiano wowote na Mombasa wala Zanzibar. Nikaangukia mkataba wa mwaka 1820 kati ya Waingereza na masheikh wa Ghuba ya Uajemi. Ni mkataba wa kukomesha uharamia. Una vifungu vya bendera, vya hati za meli, vya bandari. Halafu kifungu cha tisa kinasema kwamba kuwabeba watumwa, wanaume, wanawake au watoto, kutoka pwani za Afrika au kwingineko na kuwasafirisha kwa vyombo ni uporaji na uharamia, na kwamba Waarabu walio marafiki wa Waingereza hawatafanya jambo la aina hiyo.

Niliisoma mara tatu. 1820 ni miaka miwili kabla ya Moresby, na robo karne kabla ya Hamerton. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba mtu alishaandika, kwa wino, na masheikh wakatia mihuri, kwamba kumbeba mtu kutoka pwani yetu ni uharamia mtupu. Na uharamia, wakati huo, ulikuwa na adhabu moja inayojulikana.

Nilitaka kujua kifungu hicho kilienda wapi. Jibu linaanzia mbali kidogo na kwetu, kwenye mji unaoitwa Ras al-Khaimah, ambao leo ni sehemu ya Falme za Kiarabu.

Mwishoni mwa karne ya 18, mji huo ulikuwa wa Qawasim, ukoo uliotawala pia Sharjah na, ng'ambo ya maji, Lingeh kwenye pwani ya Uajemi. Walikuwa watu wa bahari: lulu, biashara, ushuru wa wapitao, na vita pale ilipobidi. Adui yao mkubwa alikuwa jirani, yaani utawala wa Maskati, uliokuwa ukitaka biashara ile ile kwenye maji yale yale. Huo ulikuwa ugomvi wa majirani, na ungeweza kubaki hivyo.

Lakini mwaka 1798 Napoleon akaingia Misri, na Waingereza wa India wakashikwa na homa. Waliona Wafaransa wakija kwa njia ya bahari mpaka Bombay. Mwaka huo huo Kampuni ya Uhindi Mashariki, ambayo kwa kweli ndiyo iliyokuwa serikali kule India, ikafunga mapatano na mtawala wa Maskati, Sultan bin Ahmad, kwamba Wafaransa na Waholanzi wasipewe nafasi kwake. Kuanzia siku hiyo Maskati akawa rafiki. Na adui wa rafiki unajua anavyoitwa.

Si kwamba Qawasim walikuwa malaika. Mwaka 1797, pale Bushehr, majahazi yao yaliiendea meli ya Kampuni iliyoitwa Viper ikiwa imetia nanga. Kabla ya hapo walikuwa wameomba baruti kwa mwakilishi wa Kampuni, na wakapewa! Kisha wakaipiga Viper. Ofisa aliyeachiwa meli aliuawa pamoja na mabaharia wengi. Sheikh wao alisema waliofanya hivyo walikuwa wakorofi walioasi amri yake. Bombay ikanung'unika, haikulipiza.

Mwaka 1804, baharini karibu na Lingeh, watu wa Qawasim walimuua Sultan bin Ahmad mwenyewe, yule rafiki wa Kampuni. Aliacha mtoto wa kiume ambaye hakuwa ametimiza miaka 15, jina lake Said. Ndiye huyo huyo Seyyid Said wa karafuu na Zanzibar uliyekariri shuleni. Kabla hajatuhusu sisi, alikuwa kijana aliyerithi damu ya babake na ugomvi na Ras al-Khaimah.

Mwaka uliofuata Qawasim waliteka meli mbili, Shannon na Trimmer, mali ya Samuel Manesty, mwakilishi wa Kampuni kule Basra. Mwaka 1806 wakafanya mapatano na Kampuni kwamba wataheshimu bendera yake. Kuna sharti moja humo lilinichekesha: wakilazimika kuyavunja, watoe notisi ya miezi mitatu. Kama mpangaji anayehama! Lakini ukitafakari, hilo si sharti unalompa jambazi. Jambazi humpi kipindi cha notisi. Mwaka 1806 Bombay ilikuwa bado inazungumza nao kama serikali kwa serikali.

Halafu mambo yakaharibika. Mwaka 1808 waliteka meli ya Kampuni, Sylph, wakawaua mabaharia wengi kabla manowari ya Kiingereza haijafika kuikomboa. Mwaka 1809 ikawa zamu ya Minerva, meli ya biashara, na humo pia damu ilimwagika sana. Novemba 1809 Bombay ikatuma manowari na wanajeshi chini ya Kapteni John Wainwright na Luteni Kanali Lionel Smith. Walishuka Ras al-Khaimah, wakauchoma mji na majahazi zaidi ya 50, wakaenda Lingeh na kwingineko wakafanya vivyo hivyo. Kisha wakarudi nyumbani. Miaka michache baadaye majahazi yakawa yamejengwa upya.

Hapa nataka usimame nami kidogo, kwa sababu kuna mtu mwingine kwenye bahari hiyo hiyo. Anaitwa Robert Surcouf, Mfaransa. Yeye na wenzake, wakitumia kisiwa tunachokiita leo Morisi kama kituo, waliwinda meli za biashara za Kiingereza miaka nenda miaka rudi. Oktoba 1800, kwenye Ghuba ya Bengal, aliteka meli kubwa ya Kampuni iliyoitwa Kent, iliyokuwa na watu na mizinga mingi kuliko yake mara kadhaa. Aliporudi Ufaransa alipewa nishani, akafa tajiri kitandani kwake. Waingereza walimchukia, lakini haramia kisheria hawakumwita, kwa sababu alikuwa na karatasi. Serikali yake ilimpa hati ya kuteka meli za adui wakati wa vita.

Qawasim nao walikuwa na sheikh, mji, maadui waliotangazwa, na hata sehemu ya ngawira walikuwa wakiipeleka Diriyah, kwa Wahabi waliokuwa na nguvu juu yao siku hizo. Tofauti yao na Surcouf ilikuwa karatasi, na nani anayekubali kuitambua.

Mwaka 1986 mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad al-Qasimi, ambaye ni wa ukoo huo huo, alichapisha kitabu kilichotokana na utafiti wake wa chuo kikuu kule Exeter. Alichimba nyaraka za Bombay na kudai kwamba uharamia wa Waarabu wa Ghuba ulikuwa hadithi ya kutungwa, kwamba Kampuni ilitaka biashara ya Ghuba na ikatafuta sababu. Wanahistoria wengine, kama Charles Davies, hawakukubaliana naye moja kwa moja; meli zilitekwa kweli, watu walikufa kweli. Mimi niko katikati, na sioni aibu. Minerva haikutungwa. Ila neno walilobandikwa Qawasim halikutokana na Minerva pekee. Lilitokana pia na nani alikuwa rafiki wa nani mwaka 1798. Ramani za Kiingereza ziliandika pwani nzima kwa jina la Pwani ya Maharamia, pamoja na wapiga mbizi wa lulu, wakulima wa tende na watoto wao.

Mwaka 1818 jeshi la Misri liliivunja Diriyah, na Qawasim wakabaki bila mgongo wa kuegemea. Bombay haikupoteza muda. Mwishoni mwa 1819 alitumwa Meja Jenerali William Grant Keir na wanajeshi zaidi ya 3,000. Na nani alikuja kusaidia na meli zake? Said bin Sultan, sasa mtu mzima wa karibu miaka 30, akiwa na deni la damu la miaka 15 mkononi. Walishuka ufukweni Desemba 3. Mizinga ya meli haikutosha, ikabidi washushe mizinga mizito zaidi ufukweni. Desemba 9 waliingia, wakakuta mji karibu mtupu.

Safari hii hawakuchoma na kuondoka tu. Walifanya jambo la busara, na nalisema bila kejeli: waliandika mkataba. Ulianza kutiwa saini Januari 8, 1820. Wa kwanza kutia muhuri alikuwa Hassan bin Rahma, ambaye kwenye hati anatajwa kuwa sheikh wa vijiji viwili, na zamani wa Ras al-Khaimah. Wiki tano kabla yake alikuwa mtawala wa mji wenye majahazi makumi kwa makumi. Sasa ni "zamani wa". Nilipolisoma neno hilo nilimhurumia, haramia au si haramia.

Mkataba wenyewe umeandikwa kwa akili. Unatenganisha uporaji na vita: vita ni ile iliyotangazwa na kuamriwa na serikali dhidi ya serikali, mengine yote ni uharamia, na mwenye kuyafanya ni adui wa binadamu wote. Kila chombo kibebe bendera nyekundu yenye pembe nyeupe, na hati ya jina, urefu na upana wake. Ukienda leo Sharjah au Ras al-Khaimah, bendera utakayoiona ni hiyo hiyo, mstatili mwekundu ndani ya ukingo mweupe. Ilikuwa alama ya walioshindwa, wakaifanya yao.

Na aliyekuwa mkalimani wa Keir, mtu aliyeshika kalamu kwa sehemu kubwa ya mkataba ule, alikuwa Kapteni Thomas Perronet Thompson. Huyu jamaa ndiye aliyenifanya nikeshe. Mwaka 1808, akiwa na miaka 25, alikuwa ametumwa kuwa gavana wa Sierra Leone, koloni lililoanzishwa eti kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Alipofika alikuta watu waliokombolewa kutoka melini wanagawiwa kwa mabwana wapya kwa jina la uanagenzi. Akapiga kelele, akasema huu ni utumwa kwa jina lingine. Mwaka 1810 akarudishwa nyumbani. Miaka tisa baadaye yuko Ghuba, anajua Kiarabu, mbele yake kuna karatasi ya mkataba wa uharamia, na hakuna mtu anayemchungulia begani. Akakiingiza kifungu cha tisa.

Ona alichokifanya. Bombay ilikuwa imejenga sheria yenye meno, kwamba haramia ni adui wa wote, meli yake unaweza kuichoma, mji wake unaweza kuuvunja. Thompson akachukua meno hayo akayaelekeza kwa wabeba watumwa. Kama mtu anayeteka gunia la mchele baharini ni haramia, anayeteka mtoto wa Kilwa ni nini?

Swali hilo halikuwafurahisha Bombay. Masheikh wadogo wa Ghuba walikuwa wametia muhuri, sawa. Lakini Said wa Maskati hakutia. Yeye alikuwa rafiki, mshirika wa vita, hakuwa na haja ya mkataba wa waliopigwa. Na Said ndiye aliyekuwa akikusanya ushuru kwa kila kichwa kilichopita Zanzibar. Mashamba ya tende ya Oman, mbizi za lulu za Ghuba, baadaye na mikarafuu ya Unguja, vyote vilikula watu kutoka bara letu. Ukikitumia kifungu cha tisa jinsi kilivyoandikwa, meli za kwanza kukamatwa zingekuwa za rafiki au za wateja wake.

Kwa hivyo kikatafsiriwa. Ofisi zikasema kinachokatazwa ni kuteka, yaani kushuka ufukweni na kukamata watu kwa nguvu. Mtu aliyenunuliwa sokoni ni bidhaa halali, na kumsafirisha ni biashara. Hebu fikiria. Sheikh wa Sharjah hakuhitaji kuja Kilwa kumkamata mtu. Alikuwa tayari amekamatwa na wengine, bara, siku nyingi kabla hajaiona bahari. Kwa tafsiri hiyo karibu kila jahazi lilikuwa safi. Kifungu hakikufutwa, kiko pale mpaka leo kwenye karatasi. Walikitoa uhai tu.

Mwaka 1822 ndipo Moresby anakuja na mkataba wake kwa Said. Ule tuliokariri. Ulimkataza Said kuuza watumwa kwa Wakristo. Kutoka Zanzibar kwenda Oman, ruhusa. Baada ya kukijua kifungu cha tisa, Moresby hasomeki tena kama hatua ya kwanza mbele. Mimi namsoma kama hatua ya kurudi nyuma.

Na Thompson? Kwisha. Novemba 1820 aliongoza kikosi kidogo cha Kampuni, pamoja na watu wa Said, kuwaadhibu Bani Bu Ali wa Oman, ambao nao walituhumiwa uharamia. Walikuwa pia, kwa bahati gani sijui, raia wasiomtii Said. Kikosi kilipigwa vibaya mno. Mamia ya askari, wengi wao Wahindi, waliuawa, na Said mwenyewe akajeruhiwa mkononi. Thompson akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akakaripiwa hadharani kwa kukurupuka. Mtu aliyetaka neno uharamia liwalinde watu wa pwani za Afrika alikuwa ameanguka akilitumia neno hilo hilo kwa niaba ya Said. Mwaka 1821 Bombay ikatuma jeshi kubwa zaidi kumaliza kazi, ikavunja ngome na kuwachukua wafungwa mpaka Bombay.

Sasa ndiyo tunafika nyumbani.

Ukipanda matatu kwenda Port Reitz, Mombasa, unataja jina la kijana aliyefariki mwaka 1824. Februari mwaka huo Kapteni William Owen, aliyekuwa akipima pwani yetu kwa ajili ya ramani, aliingia bandarini na manowari Leven na kukuta Wamazrui tayari wanapeperusha bendera ya Kiingereza waliyojishonea wenyewe. Walimwogopa Said, na hofu yao ilikuwa na sababu. Owen alichukia utumwa kwa moyo wote. Aliwapa ulinzi kwa masharti, na moja lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa Mombasa. Akamwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi. Homa ikamuua kabla miezi minne haijaisha. Wengine wakashika nafasi yake.

Gavana wa Bombay wakati huo alikuwa Mountstuart Elphinstone, na serikali yake haikutaka kabisa kumuudhi Said. Kwa nini? Kwa sababu ya Ghuba. Said alikuwa nguzo ya amani ile iliyonunuliwa kwa moto mwaka 1819. Mombasa ilikuwa mji mdogo wenye bendera ya kushona. London nayo haikumuunga mkono Owen. Julai 1826 Waingereza wakaishusha bendera wakaondoka, wakawaacha Wamazrui na Said waelewane wenyewe.

Walielewana kwa mizinga, mara kadhaa, mpaka 1837. Mwaka huo Mombasa ikaanguka mikononi mwa Said, na wakuu wa Wamazrui, walioitwa kwa heshima kana kwamba ni mazungumzo, wakakamatwa. Wakapakiwa kwenye vyombo, na baadhi yao wakapelekwa Bandar Abbas, upande wa Uajemi, mji uliokuwa chini ya Said kwa kukodishwa. Hawakurudi.

Fungua ramani utazame njia hiyo. Unatoka Mombasa, unapanda na upepo mpaka Ras al-Hadd, unaipita Maskati, unaingia kwenye mlango wa Hormuz. Upande wa kushoto, si mbali, ni Ras al-Khaimah. Yalikuwa ndiyo maji yaliyolindwa kuliko yote katika sehemu hii ya dunia, manowari za Bombay zikizunguka humo kila msimu kutafuta maharamia, na mkataba wa 1820 mezani kwa kila nahodha. Mbele yao kikapita chombo kilichobeba watu waliokamatwa kutoka pwani ya Afrika.

Kilikuwa na bendera ya Said. Kikapita.